Negativu ya Mamangu

Mwaka wa 2017, baada ya kumaliza arubaini ya mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, sisi wanawe tuliketi nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kugawa vitu vyake. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Marehemu aliacha kasha moja, mikufu miwili, leso nyingi ambazo hazikupata kuvaliwa, na mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba. Mkebe huo ndio uliotutia mashakani. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za zamani, tasbihi iliyokatika uzi, na bahasha ndogo ya kahawia. Ndani ya bahasha mlikuwa na negativu moja, kubwa kuliko zile tulizozizoea, upana wake sentimita 6 na urefu wake sentimita 9.

Niliiinua mbele ya dirisha. Msomaji anajua kuwa katika negativu mambo yote huwa kinyume, cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Hata hivyo nilimtambua. Alikuwa ni mamangu katika ujana wake, amesimama uani, kichwa wazi, hana buibui wala ushungi.

Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, aliitwaa mkononi mwangu, akaitazama, kisha akasema, "Hii ichomwe."

Nikamwuliza sababu.

"Mama hakupata kumwonyesha kichwa chake mwanamume asiyekuwa maharimu yake," akanijibu. "Na hapa bado kigori, hajaolewa. Basi niambie, aliyempiga picha hii ni nani?"

Sote tulinyamaza. Mjomba wetu alikuwa mmoja tu, na hakuna aliyemjua kuwa na kamera. Babu alikuwa mtu mkali ambaye picha hakutaka hata kuzisikia. Watu wa zama hizo wote wamekwenda. Mgeni wa desturi zetu huenda akaona kuwa swali la dada lilikuwa dogo, lakini msomaji wa pwani haina haja nimweleze uzito wake. Lilikuwa ni swali juu ya heshima ya mtu ambaye hawezi tena kujisemea.

Nilimsihi dada anipe muda. Nilitaka nimwone mamangu mara moja tu katika umri ambao sikumjua. Akanikubalia kwa shingo upande, na akaniwekea masharti: negativu isipelekwe studio yoyote, isipigwe kwa simu, na asiione mwanamume yeyote ila mimi na ndugu zangu.

Masharti hayo yaliifunga milango yote. Siku hizi ukipeleka negativu dukani huingizwa katika mashine, na sura hubaki ndani ya kompyuta ya mwenye duka hata baada ya wewe kulipa na kwenda zako. Ama zamani nako, mambo hayakuwa tofauti sana. Studio za pwani zina historia yake, na wengi wetu tunazo nyumbani picha zilizotoka kwa Parekh hapa Mombasa, kwa Bakor kule Lamu, au Capital Art Studio ya Unguja. Wanawake wetu walikwenda humo wakajipamba wakapigwa picha. Lakini nyuma ya pazia palikuwa na mtu aliyeziona sura zote hizo zikitoka majini, moja baada ya moja, na amani ya nyumba nyingi ilikuwa juu ya ulimi wake.

Iliyobaki ilikuwa ni njia moja, kuitoa picha hiyo mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yetu.

Sasa aibu yangu ni hii. Mimi nimefanya kazi ya magazeti tangu ujana, na kamera nimeibeba begani miaka mingi, lakini filamu zangu nilimkabidhi mtu wa chumba cha giza na kurudi kuchukua picha zilizokauka. Nilikuwa kama mtu aliyekula wali miaka 30 asijue jiko liko upande gani.

Nikamwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa na studio yake hadi kamera za kompyuta zilipoimaliza biashara. Umri wake ulikuwa umepita miaka 80. Sote tulimwita Ammi, na kwa jina hilo nitamtaja, kwani naye sasa ametangulia mbele ya haki. Nilimsalimu, nikamweleza habari yangu, na nikaingiza mkono mfukoni kuitoa bahasha.

"Usinionyeshe!" akasema, na akageuza uso ukutani. "Mamako si maharimu yangu. Nitakufundisha mpaka uweze, lakini hiyo mimi sitaiona. Ishike mbele ya mwanga unieleze. Ni nzito au nyepesi?"

Nikamweleza kuwa nywele na nguo ni nyepesi, zapitisha mwanga, uso ni wa wastani, na sakafu chini ya miguu yake ni nzito kama lami. Ammi akatikisa kichwa. "Hiyo sakafu ndiyo itakayokusumbua," akasema. Na maneno hayo niliyakumbuka miezi kadhaa baadaye.

Mashine ya kukuzia picha, ambayo Ammi aliiita enlaja, aliitoa chini ya kitanda ikiwa imefunikwa shuka. Ilikuwa Durst, kazi ya Italia, chuma kitupu, na niliibeba begani kama gunia la mchele. Umbo lake ni rahisi kulieleza. Pana ubao wa chini, na juu yake umesimama mlingoti. Kwenye mlingoti hupanda na kushuka kichwa chenye globu ndani, na chini ya globu mna vioo vinavyokusanya mwanga. Negativu hulazwa chini ya vioo hivyo, na chini ya negativu ni lenzi. Mwanga hutoka kwenye globu, ukapita katika negativu, ukapita katika lenzi, ukaangukia karatasi iliyolazwa juu ya ubao. Ukikipandisha kichwa picha hukua, ukikishusha hupungua. Na kila inapokua mwanga hutawanyika. Picha ikizidi mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, eneo lake ni mara nne, basi na muda wa kuiwashia taa huzidi mara nne.

Niliposoma habari za asili ya jambo hili nilikutana na jina ambalo lilinifurahisha. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufia Misri mnamo mwaka 1040, aliandika katika Kitab al-Manazir habari za mwanga wa taa unavyopita katika tundu na kuingia mahali penye giza, na kila taa ikatoa alama yake peke yake ukutani. Kamera ndilo jambo hilo hilo, yaani chumba cha giza chenye tundu. Enlaja nayo ni kamera iliyogeuzwa, taa imo ndani na sura inatoka nje.

Mahali pa kufanyia kazi nilipata chini ya ngazi, katika kile kijumba tulichokuwa tukiwekea makaa. Kuta za mawe ya matumbawe hazipitishi kitu, lakini mlango wa mbao ulikuwa na nyufa. Nilitundika blanketi, nikakaa ndani robo saa macho yazoee giza, nikaona bado nuru yaingia. Dada yangu, ambaye wakati wote huo alikuwa akinitazama kama mtu atazamaye mwizi, alileta buibui mbili kuukuu za marehemu, za kitambaa kizito cha zamani. Akazitundika juu ya blanketi kwa mkono wake. Nikaingia tena, na safari hii sikuyaona hata mavi ya kucha zangu.

Taa pekee inayoruhusiwa humo ni nyekundu, kwa kuwa karatasi hiyo haioni rangi nyekundu. Lakini si kila taa nyekundu ni ya kuaminika. Ammi alinifundisha kuijaribu kwa kuilaza sarafu juu ya kipande cha karatasi, chini ya taa, dakika tano, kisha kukisafisha kipande hicho. Alama ya sarafu ikitokea, taa si salama. Globu yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa muuzaji wa mapambo ya harusi, ilitoa sarafu yenye duara zuri kabisa.

Karatasi zenyewe ni taabu. Kodak waliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe mwaka wa 2005, lakini Ilford wa Uingereza na Foma wa nchi ya Cheki wamezishikilia hadi leo. Mpwa wangu aliniletea kutoka London kisanduku cha karatasi 25, kila moja inchi 8 kwa 10. Nilifurahi mno. Nikakifungua mezani, mchana kweupe, nikautoa ule mfuko mweusi uliokuwa ndani, nikazihesabu karatasi moja moja nione kama zimetimia. Zilitimia, na zote 25 zikaharibika papo hapo, kwa kuwa karatasi hiyo ikiona jua mara moja imekwisha kazi. Nilipomsimulia Ammi alicheka hadi akakohoa, kisha akaniuliza, "Zilikuwa nzuri lakini?" Cha pili kilinijia baada ya miezi miwili, na hicho sikukihesabu.

Ama dawa ni tatu, na huwekwa katika sahani tatu za plastiki zilizopangwa kwa safu. Karatasi imepakwa jelatini, ambayo hupikwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya jelatini mna chumvi za fedha. Mwanga ukizipiga chumvi hizo hakuna kinachoonekana. Alama imo lakini imejificha. Dawa ya kwanza, ya kusafishia, huzigeuza chembe zilizopigwa na mwanga zikawa fedha halisi, na fedha ikiwa katika chembe ndogo kiasi hicho huonekana nyeusi. Ya pili ni siki, ambayo huisimamisha ile ya kwanza isiendelee. Ya tatu huziyeyusha chumvi zilizosalia, kwani zikibaki picha itakuja kusawijika ikiona nuru.

Ya tatu ndiyo iliyotufanya tugombane siku ya kwanza. Tulikuwa gizani kwake Ammi, karatasi nimeishika kwa koleo, yachuruzika siki, naye ananiambia, "Tia haipo."

"Nini haipo, Ammi?"

"Tia haipo, upesi!"

"Kama haipo nitie nini?"

Kumbe ndilo jina la dawa yenyewe, kifupi cha jina refu la kitaalamu, na mafundi wetu walilipokea hivyo hivyo bila kujali Kiswahili kitasemaje. Aliyegundua kuwa dawa hiyo huyeyusha chumvi za fedha ni Mwingereza John Herschel, mwaka wa 1819, na miaka 20 baadaye ikaingizwa katika kazi ya picha. Huyo huyo ndiye aliyelitia neno negativu katika kazi hii.

Vitabu vya ufundi huu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Vyote vyasema dawa iwe na joto la sentigredi 20. Hapa Mombasa, mwezi wa Februari, maji ya mfereji hukaribia 30. Dawa yenye joto hukimbia, weusi hufurika kabla hujawahi kuikamata picha, na jelatini hulainika ikachubuka kwa ukucha. Ukitia barafu ndani ya dawa waizimua. Ammi alitumia chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa, akaziogesha ndani ya sahani mpaka kipimajoto kikamridhisha, na mimi nikafuata hivyo hivyo. Friza ya dada ikajaa chupa zangu pasiwe na nafasi ya samaki.

Juu ya hayo kuna stima. Sisemi kupotea kwake, maana hilo twalijua. Hata ikiwapo hupanda na kushuka, na globu ya enlaja nayo ikafuata. Umeshapima kuwa picha yataka sekunde 14, jirani akawasha pampu ya maji, na picha yako ikatoka imefifia kama mgonjwa. Nikajifunza kufanya kazi baada ya saa nne za usiku, majirani wanapokuwa wamelala.

Na maji ya kuoshea! Karatasi niliyoitumia haikupakwa plastiki, hivyo haipo hunywewa hadi ndani ya nyuzi zake, na yataka kuoshwa muda wa saa nzima. Katika mtaa ambao maji huuzwa kwa mtungi, nani atayamwaga saa nzima? Ammi alinionyesha kisima cha nyumbani kwake, maji ya chumvichumvi ambayo hayanyweki. "Osha kwa haya, kisha suuza kwa matamu," aliniambia. Nilidhani ni ubahili wa mzee. Baadaye nikasoma kuwa utafiti uliofanywa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili ulithibitisha jambo hilo, kwamba maji ya bahari huitoa haipo upesi kuliko maji matamu, mradi chumvi yenyewe ikasuuzwe mwisho. Ammi hakuusoma utafiti huo. Aliyajua kwa kisima chake.

Kwa muda wa miezi yote hiyo hakuniruhusu niiguse negativu ya mama. Nilijifunza kwa negativu zangu za zamani za kazini, majahazi ya bandari ya kale na mbio za punda siku za Maulidi ya Lamu. Kila negativu huanza kwa kipande cha kujaribia. Unakikata ukanda wa karatasi, unaufunika kwa kadi, unaufunua kidogo kidogo kila baada ya sekunde nne, kisha unausafisha na kuchagua. Hapo Ammi alikuwa mkali kuliko mwalimu wangu wa chuoni. Tulipokuwa watoto tuliandika mbao zetu, tukasoma, tukaziosha, tukaandika upya, na mwalimu hakuchoka kutuambia "rudi". Ammi naye neno lake lilikuwa hilo hilo. Picha moja ya Maulidi aliniambia "rudi" mara tisa.

Katika picha hiyo walikuwamo wazee watatu wamevaa kanzu, jua la adhuhuri, na nyuma yao mwanamke wa buibui akipita. Nafikiri hakuna mavazi duniani yaliyo adui wa mpiga picha kama yetu, weupe mtupu kando ya weusi mtupu, chini ya jua lisilo na huruma. Ukiitazamia kanzu, buibui huwa shimo. Ukiitazamia buibui, kanzu huwa karatasi tupu, wazee wakawa vichwa vitatu vinavyoelea. Dawa yake ni mbili. Kwanza ni chujio. Karatasi za siku hizi hubadili ukali wake kwa rangi ya chujio liwekwalo kwenye njia ya mwanga, kuanzia sufuri liliyo laini hadi tano lililo kali, na Ammi alinishusha kutoka mbili hadi moja. Pili ni kuchoma. Baada ya picha nzima kupata mwanga wake, unatwaa kadi yenye tundu, unaiwasha taa tena, na mwanga wa tunduni unaupitisha juu ya kanzu peke yake. Mkono sharti uwe unatikisika muda wote, kwani ukitulia mpaka wa kadi utaonekana kama waa. Mara ya kumi kanzu ilitoka na mishono yake, darizi ya shingoni ikahesabika, na mwanamke wa nyuma akawa mtu, si shimo.

Ammi aliitazama kwa muda. "Hawa wazee wamevishwa," akasema, na sikusikia sifa nyingine kutoka kwake. Nilitaka kumlipa akakataa, akasema kama mimi ni mshairi basi nimlipe kwa biashara yangu. Nikamwandikia ubeti huu nyuma ya picha:

Haipo uliposema, niliitafuta ndani,
Kumbe mbele yasimama, dawa imo sahanini,
Sina mali ya kupima, cha kukulipa ni nini?
Twaa hii dua njema, na beti toka moyoni.

Najua wapo wasomaji watakaoniuliza juu ya hukumu ya picha zenyewe. Wanazuoni wamehitilafiana, na mimi si mufti. Wako wanaozikataza, nao wana hoja zao. Yuko Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliandika risala kueleza kuwa picha ya kamera si kuumba sura, bali ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Mimi naegemea huko. Illa naona watu wetu wameshughulika mno na swali la kupiga, na kulisahau swali la kuonyesha. Leo harusi ya wanawake watupu huisha usiku, na asubuhi sura zao zimeshafika Maskati na Toronto kwa simu.

Usiku wenyewe ulikuwa wa mwezi wa Shaaban, mwaka 2018, masika yamepamba moto. Mvua ilikuwa baraka, maana nilikinga maji matamu ya kutosha kusuuzia. Ammi alikuja baada ya swala ya isha. Chumbani hakuingia. Aliketi dakani, juu ya baraza ya mawe, dada akamtolea kahawa na haluwa, na akasema, "Mimi niko hapa. Likikushinda jambo njoo unieleze kwa maneno."

Niliiweka negativu, nikaifuta vumbi kwa burashi, nikawasha. Mwanga ukaangukia ubao, na mamangu alikuwa pale, mkubwa kuliko nilivyotazamia, ingawa bado kinyume. Niligeuza lenzi mpaka chembe za filamu zikakaza. Kipande cha kujaribia kikaniambia sekunde 12. Nikaitia karatasi nzima, nikahesabu, nikaizamisha katika dawa ya kwanza na kuitikisa sahani polepole.

Nywele ndizo zilizotangulia kuja, kisha macho. Msomaji wangu, hapa utaniwia radhi. Uso wa mamangu sitausimulia. Mahali palipobaki katika makala haya angeweza kuandikwa, na kalamu ningeipata, lakini masharti ya dada yangu nayaona kuwa yashika hata maneno.

Nitasimulia sakafu. Sakafu ya ua ilikuwa imetoka nyeupe kama karatasi, na chini, karibu na ukingo wa picha, palikuwa na doa la kijivujivu lisilo na kingo. Nilidhani ni uozo wa filamu. Nikatoka dakani nikamweleza Ammi.

"Doa liko upande gani?"

"Chini, katikati, laelekea miguuni kwake."

"Na jua lampiga wapi?"

"Usoni."

Alikunywa funda la kahawa. "Kamera za sanduku tuliambiwa tulipe jua mgongo," akasema. "Ichome sakafu. Ifanye kama kanzu."

Nilirudi. Karatasi ya pili niliiharibu kwa kuituliza kadi, ukatokea mstari. Ya tatu stima ilishuka katikati ya kuhesabu. Kwa ya nne niliipa picha nzima sekunde 12, kisha nikaifunika sehemu yote ya juu na kuichoma sakafu sekunde 25 zaidi, mkono ukitetemeka wenyewe bila kutikiswa. Nikaizamisha. Sakafu ikaja pole pole, kwanza nyufa za saruji, kisha kivumbi chake, na ndani ya kivumbi lile doa likapata kingo. Lilikuwa kivuli cha mtu. Viwiko viwili vimetoka kando, mikono imekutana tumboni, imeshika kitu cha pembe nne. Na kichwani, msomaji, kivuli kile kilikuwa kimejitanda ushungi, ncha ya leso yaning'inia begani.

Nikaitia siki, nikaitia haipo, nikasimama nikihesabu dakika huku maji ya mvua yakigonga mabati. Kisha nikatoka nikamwambia Ammi kuwa kazi imetimia.

"Sakafu ilitoka?"

"Ilitoka."

Hakuniuliza zaidi. Alisimama, akajifunika mwavuli, akaenda zake.

Asubuhi, picha ilipokauka, nilimpelekea dada yangu jikoni. Aliketi juu ya kibao cha mbuzi akaiweka mapajani. Alimtazama mama kwa muda mrefu na hakusema neno. Kisha nikamwonyesha kwa kidole kile kivuli. Alikisogeza karibu na macho.

"Halati," akasema.

Halati alikuwa nduguye mama wa kunyonya, aliyefariki sisi tukiwa wadogo. Mumewe alikuwa baharia. Dada alikumbuka, sasa tu, kuwa katika kabati la nyumba ile palikuwa na sanduku jeusi lenye jicho la kioo ambalo watoto walikatazwa kuligusa. "Na leso alijitanda hivi hivi," akasema, akaivuta yake mwenyewe begani kunionyesha. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mimi nilijishughulisha na moto wa jiko.

Baadaye akaniuliza, "Umetoa ngapi?"

"Nzuri ni hii moja. Mbovu ni tatu."

"Lete zote. Na vile vipande vya kujaribia."

Nilivileta. Alivikatakata kwa mkasi wa kushonea, akavitia jikoni kimoja kimoja, na vilipokwisha akaikunja ile nzuri ndani ya leso na kuifungia kashani. Nikamwuliza juu ya negativu.

"Ipo," akasema, wala hakuniambia ni wapi.